Bahasha za Magamba

Baba hajawahi kuniandikia barua.
Alichoandika ni bahasha:
tarehe, uzito, dume au jike, wavu au ndoana,
jina la kilindi,
na ndani yake magamba matano
yaliyokwanguliwa kwa ncha ya kisu.
Miaka arobaini na mitatu
kila samoni aliyepanda mto Deatnu
akaangukia mikononi mwa Jovnna
aliacha magamba matano kwa ajili ya serikali.

Leo nimezikuta mji wa kusini, kwenye makabati ya chuma,
nami ndiye serikali, nimevaa glavu.

Gamba lina pete kama gogo la mti.
Pete zilizobanana ni baridi na njaa,
zilizoachana ni bahari na shibe.
Nahesabu: majira manne ya baridi baharini,
kilo kumi na tisa,
Juni ishirini na moja, mwaka sabini na tisa,
na pembeni, kwa penseli:
*Huyu alinivuta hadi magotini.*

Nikalitia gamba dawa, nikaliuliza nasaba yake.

Wanasema damu ni nzito kuliko maji.
Mimi nimeisoma damu,
na mwandiko niliouona humo ni wa maji.
Kila kijito kina ukoo wake,
na ndani ya ukoo, kati ya herufi milioni na milioni,
ipo moja inayomwambia samaki: ngoja,
kaa baharini, nenepa.
Ipo na pacha wake: rudi,
rudi upesi, rudi ungali mdogo.

Bahasha za mwanzo zimejaa *ngoja*.
Miaka ya tisini inaanza kukohoa.
Kufika elfu mbili na kumi na moja naitafuta
kama punje ya chumvi kwenye theluji.

Lugha yetu ina jina la kila umri wa samoni.
*Diddi*, yule mdogo wa baridi moja,
bado watoto wanamtaja.
*Duovvi*, jike mzito,
amebaki neno tu, halina wa kuitika.

Kwenye mikutano tunaita hali hii kuzoea mazingira.
Linapendeza, neno hilo, kwenye ukuta mweupe.
Lakini maji ya Julai yakifika digrii ishirini na tatu
mkubwa ndiye hukosa pumzi kwanza.
Aliyebaki hakujifunza kitu.
Alibaki.

Nilimpigia Baba, mtu asiyependa simu.
Uvuvi umefungwa kiangazi cha tano sasa,
nyavu zimening'inia bandani,
na mtoni wanapanda wageni wenye nundu
kutoka bahari nyingine, maelfu,
wanataga, wanakufa, wananuka.
"Wakubwa hawajaisha," nikamwambia.
"Kijito cha juu, kule kwenye kivuli cha miti ya bechi,
majike sita wana ile herufi."
"Sita."
"Sita."
Akanyamaza hadi nikasikia birika lake likichemka.
"Sita ni wageni wa chakula cha jioni, Ravdna.
Si ukoo."

Sikuwa na jibu, sina hata sasa.
Najua tu kwamba herufi iliyofutika haiandikwi tena kwa kuhitajika,
kwamba kesho yenye joto au yenye barafu
itachagua kutoka kilichopo,
na kilichopo nakihesabu kwa vidole,
na vidole vinabaki.

Agosti bahasha ikafika, karatasi ya zamani, ya kahawia,
sijui aliificha wapi.
Nikaitikisa juu ya kioo cha hadubini.
Hakikudondoka kitu.

*Julai kumi na nne. Maji: digrii ishirini na moja.
Wavu: hakuna. Uzito: hakuna.
Kilindi: palepale.*
Na pembeni, kwa penseli, mkono umeanza kutetemeka:
*Nilimsikia akiruka saa nane usiku, jua likiwaka.
Sikumwona. Mzito.*

Nimeipa namba.
Nimeipanga na nyingine.